Chumba cha Merikebuni: Mahali Kwanza, Dirisha Baadaye

Katika mambo ambayo mtu wa nchi kavu huyadhania kuwa mepesi hata yamfike, mojawapo ni kuchagua chumba katika meli ya kitalii. Kwa kuwa amezoea hoteli za mjini, ambako chumba cha ghorofa ya juu chenye dirisha la kuelekea baharini huuzwa ghali kwa haki, na kile cha chini kilicho karibu na mlango huuzwa rahisi kwa haki vilevile, huuchukua ujuzi huo akapanda nao merikebuni, akalipa fedha nyingi kwa chumba cha juu kabisa na cha mbele kabisa, na usiku wa pili, bahari ikianza kuchafuka, akajikuta ameukumbatia mto na kuiomba alfajiri ifike upesi. Wala hakudhulumiwa na mtu. Alinunua mandhari akidhani ananunua usingizi, na baharini vitu hivi viwili aghalabu havikai mahali pamoja.

Meli hizi nyeupe tunaziona sisi wenyewe Kilindini na Unguja, aghalabu wakati wa kaskazi, zikitia nanga asubuhi na kung'oa jioni. Na maadamu ndugu zetu wengi sasa wanaishi Ghuba, Ulaya na Marekani, ambako safari za namna hii huuzwa dukani na mtandaoni kama nguo, si jambo la ajabu tena kusikia kwamba aila fulani imepanda meli Dubai kwa siku saba, au kwamba bibi arusi na mumewe wameondoka Miami kwenda Bahama. Wanaorudi husimulia habari za chakula. Habari za chumba hawazisimulii ila wakiulizwa, ilhali chumba ndicho kilichowala fedha nyingi zaidi.

Na tuanze na jambo lililo asili ya mengine yote, nalo ni kwamba nyumba haiendi na merikebu yaenda. Chombo baharini kina mienendo miwili iliyo mikubwa: wa kwanza ni kuinuka na kuzama kwa omo na tezi, mbele ikipanda nyuma hushuka, na wa pili ni kwenda mrama, yaani kulala ubavu huu kisha ubavu ule. Katika mwendo wa kwanza hali ni kama ya ubao wa bembea ya watoto, walioketi ncha hurushwa juu na kushushwa, naye aliyesimama katikati hasogei ila kidogo. Na mwendo wa pili huzidi kwa kadiri mtu anavyopanda juu, kwa sababu sitaha ya kumi na tano husafiri masafa makubwa angani wakati ile iliyo karibu na maji inatikisika kidogo tu. Basi chumba kilicho kitulivu kuliko vyote ni kile kilicho katikati ya urefu wa meli na chini ya kimo chake, nacho, kwa bahati njema ya wenye mifuko myepesi, mara nyingi ni katika vile vya bei nafuu. Ni kweli kwamba meli za leo zina mapezi ya chuma yanayochomozwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza mrama, na kazi yake ni kubwa. Lakini mapezi hayo hayana nguvu ya kuizuia omo isipande na kushuka, na atokaye Southampton kwenda Hispania akapita Ghuba ya Biscay wakati wa baridi atalithibitisha jambo hili bila ya mwalimu. Mtu ajijuaye kuwa ni mwepesi wa kigegezi, hata daladala humtapisha, asibishane na umbile lake: akate chumba cha katikati, cha chini, achukue na dawa kwa ushauri wa mfamasia, ainywe kabla hajaanza kuugua, maana akishaanza dawa huwa imechelewa.

Watu wa Kigoma wanayajua haya kuliko wanavyodhani. MV Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha aila ya Meyer, ikafunguliwa vipande, ikatiwa masandukuni na kuletwa Dar es Salaam, ikapakiwa gari moshi hadi ziwani, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria kwa jina tulijualo. Kiwanda kile kingali kipo Papenburg, mbali na bahari, kandokando ya mto Ems, nacho huunda meli za kitalii zilizo kubwa hata, zinapoteremshwa mtoni kwenda baharini, huendeshwa kinyumenyume, tezi ikitangulia. Na jina hilo hilo la Meyer ndilo lililo katika kiwanda cha Turku, nchini Finlandi, kilichounda Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria Miami mwezi wa Januari 2024: sitaha 20, urefu wa mita 365, na abiria 5,610 wakihesabiwa wawili wawili kwa chumba, au hata 7,600 vitanda vyote vikijaa. Aliyewahi kulala ndani ya Liemba kati ya Kigoma na Mpulungu, akaijua tafauti ya kulala karibu na mashine na kulala mbali nazo, somo la kwanza amekwisha kulihitimu. Tafauti ni ukubwa wa darasa.

Baada ya mwendo hufuata kelele, na hapa ndipo hodari wengi walipoanguka. Kila kampuni huchapisha ramani ya sitaha zake, moja moja, na msafiri wa kawaida huitazama sitaha ya chumba chake tu, akaona kulia kwake vyumba na kushoto kwake vyumba, akaridhika. Haimpitikii kwamba jirani aliye mbaya zaidi merikebuni hakai ubavuni bali hukaa juu ya dari au chini ya sakafu. Shemeji yangu mmoja alipanda meli Dubai mwezi wa Desemba, akalipia chumba cha roshani kwenye sitaha iliyo chini tu ya bwawa la kuogelea, akijisifu kwamba hatakuwa na ngazi nyingi za kupanda. Na kila siku saa kumi na moja alfajiri watumishi walianza kuvipanga viti vya jua juu ya kichwa chake, kiti kwa kiti, miguu ya viti ikiparuza mbao, mamia kwa mamia, mpaka jua likachomoza. Aliporudi aliniambia, "Shemeji, roshani nimeipata, usingizi ndio sikuupata." Dawa yake ni rahisi wala haiuzwi: ichukue ramani ya sitaha ya juu na ya chini, uziweke pamoja na ile yako, na uhakikishe kwamba vyumba viko juu yako na vyumba viko chini yako, kwa kuwa abiria aliyelala ni jirani mwema popote alipo. Ukiona juu yako jiko, ukumbi wa muziki, uwanja wa mpira au baraza la kula, pita. Ukiona mahali peupe pasipoandikwa kitu, usidhani ni patupu. Aghalabu hapo ndipo watumishi wanapopitisha mikokoteni na kufungua milango usiku kucha. Chumba chenye mlango wa ndani wa kupitia chumba cha pili ni neema kwa mama mwenye watoto upande wa pili, lakini kwa mgeni asiyejuana na jirani, mlango ule hupitisha kila neno. Omoni kabisa utaamshwa na mnyororo wa nanga, na mngurumo wa rafadha ndogo za ubavuni zinazoisaidia meli kujisogeza gatini alfajiri. Na tezini kabisa, pamoja na uzuri usiokanika wa kuutazama mkondo mweupe ukiachwa nyuma, utautia hesabuni mtetemeko wa rafadha kuu.

Kuhusu namna za vyumba sitakawia, maana ndizo zinazotangazwa na kila mtu anazijua: vya ndani visivyo na dirisha, vya dirisha lisilofunguka, vya roshani, na vile vya fahari vyenye sebule na mtumishi wake. Ila majina haya hayasemi kweli yote. Katika Oasis of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2009, kuna roshani ambazo haziioni bahari ila zatazama bustani ya miti iliyopandwa katikati ya meli, na mwenye chumba huko huonwa na wapitao chini kama akaaye barazani. Na Disney Dream ya mwaka 2011 ilitia katika vyumba vya ndani kioo duara kinachoonyesha picha ya bahari ya nje, hivyo asiye na dirisha akapewa mfano wa dirisha. Queen Mary 2, iliyoanza kuvuka Atlantiki mwaka 2004 na ingali ikivuka kati ya Southampton na New York, ina roshani zilizochongwa ndani ya ubavu wa chuma wenyewe: zinamkinga mtu na upepo wa bahari kuu, na hiyo ni busara, lakini akiketi kitini haoni maji, huona ukuta, na ina vyumba vingine ambavyo mashua za uokozi zimetundikwa mbele ya macho ya aliyemo. Kampuni haifichi mambo haya. Huyaandika kwa herufi ndogo, na bei hupungua kidogo, na mwenye haraka hapo hapo hufurahi kwa kudhani amepata fursa. Mimi binafsi roshani naiona ina maana katika bahari ya utulivu na nchi ya kutazamwa, kama pwani ya Alaska, ambako meli itokayo Vancouver kwenda kaskazini huiweka bara upande wa kulia. Lakini katika Atlantiki ya Novemba roshani ni mlango ambao mtu hulipia ili aufunge.

Na kwa kuwa tumeitaja Queen Mary 2, ijulikane kwamba humo chumba hakiamui usingizi tu, kinaamua na meza: wa vyumba vya kawaida hula katika ukumbi wa Britannia, na wa vyumba vya juu wana kumbi zao, Princess Grill na Queens Grill, ambazo wengine hawaingii. Madaraja ya zamani hayajafa. Yamebadilisha kanzu tu.

Kipo kipimo kimoja ambacho mawakala hawakitaji ila wakiulizwa, nacho chamfaa sana mtu mwenye kuchukia foleni. Ukubwa wa meli huandikwa kwa tani ambazo hazipimi uzito, bali hutokana na ujazo wa nafasi iliyofunikwa. Zigawe tani hizo kwa idadi ya abiria, utajua kila mmoja ana wasaa gani. Icon of the Seas ina tani 248,663, na ukizigawa kwa 5,610 utapata kadiri ya 44. Queen Mary 2, yenye tani zipatazo 149,000 na abiria wapatao 2,700, hutoa kadiri ya 55. Hivyo ile iliyo ndogo ina nafasi zaidi kwa kila mtu, na umaarufu wa ukubwa usimvimbishe mtu kichwa.

Bei nazo zina hila zake. Nauli iliyoandikwa ni ya mtu mmoja kwa kudhania kwamba wako wawili chumbani. Asafiriye peke yake hulipa ziada, na mara nyingine hulipa nauli ya wawili kamili, kana kwamba kivuli chake nacho kinakula. Norwegian Epic ilipoanza kazi mwaka 2010 ilikuja na vyumba vidogo 128 vya mtu mmoja mmoja, na kampuni nyingine zikaiga, lakini vyumba hivyo ni vichache na humalizika mapema. Kuna pia chumba cha kupangiwa, ambacho mtu hulipia namna yake tu, na nambari huchaguliwa na kampuni karibu na siku ya safari: ni nafuu, nacho kinamfaa mwenye usingizi mzito, kwa sababu vyumba vinavyobaki ni vile ambavyo waliosoma ramani wamevikwepa. Juu ya nauli huja ushuru wa bandari, na bakshishi ya watumishi, ambayo katika kampuni nyingi za Marekani huandikwa yenyewe katika hesabu ya kila siku, na vinywaji, na intaneti. Bakshishi ile msiinung'unikie sana. Anayetandika kitanda chako huko ametoka mbali na kwao kwa miezi mingi, na siku hizi baadhi yao ni vijana wetu wa Kenya.

Sasa ufungue mlango uingie. Chumba cha ndani cha kawaida ni cha mita za mraba 15 hivi, na mtu aliyekuja na masanduku makubwa husimama kizingitini akistaajabu. Asistaajabu, ayafungue, atoe nguo, na masanduku matupu ayasukume uvunguni, kwani kitanda kimeinuliwa kwa ajili hiyo. Kuta ni za chuma, hivyo ndoano ndogo za sumaku hushika popote na kuwa kango za kofia, mabuibui na taulo. Msala ni mdogo hata pazia la bafu humshika mtu mgongoni, na choo huvuta kwa hewa, kwa mshindo wa kumshtua mtoto, wala hakitaki kutiwa kitu kisicho chake. Maji ya kujisafishia hayapo karibu, basi mtu wa pwani asione haya kutia kopo la plastiki mkobani. Pasi, birika la umeme na mishumaa ni marufuku kwa kuogopa moto. Na chetezo chako cha udi, bibi, kiache nyumbani, maana huko moshi mdogo huita watu wenye mitungi ya kuzimia. Giza la chumba cha ndani ni giza kamili, saa sita ya mchana na saa sita ya usiku ni mamoja. Wazoefu huiacha televisheni kwenye stesheni inayoonyesha picha ya omoni, sauti wakaizima, na kunapopambazuka kioo hung'aa chenyewe.

Televisheni hiyo ina manufaa ya pili kwa Mwislamu, kwa kuwa stesheni nyingine huonyesha ramani na uelekeo wa chombo, na kwayo kibla hujulikana. Meli ikigeuka, mwenye kusali naye hugeuka awezapo, kama walivyofanya mabaharia wa majahazi kabla yetu. Chakula halali chataka kuandikiwa kampuni wiki kadhaa mbele, si kuulizwa mezani siku ya kwanza mbele ya mpishi mwenye watu elfu tatu wanaomngoja. Na asiyeandikiwa hakosi samaki na mboga, maridhawa.

Zoezi la kujiokoa lisidharauliwe. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na abiria waliopanda siku ile ile Civitavecchia walikuwa bado hawajaonyeshwa mahali pao pa kukusanyika, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu zoezi lifanywe ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 sheria ya kimataifa yataka lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Huchukua muda mfupi. Hesabu milango kutoka chumbani mwako hadi kwenye ngazi, ili uijue njia hata taa zikizimika.

Bandarini, mahali pasipo na gati la kutosha, meli husimama mbali na abiria huteremshwa kwa mashua, jambo ambalo wasafiri wa Ziwa Tanganyika hawana la kufundishwa. Saa ya kurudi ni saa ya meli, si ya mji, na hizi mbili zaweza kutafautiana. Aliyekwenda kutembea na msafara wa meli hungojwa, na aliyekodi teksi yake mwenyewe hangojwi, bali hubaki gatini na mkoba wa zawadi akiitazama tezi.

Wenye pasipoti zetu wana jambo moja la kulitazama kabla hata ya ramani za sitaha, na mawakala wengi hawalikumbuki kwa kuwa wateja wao wengi halihusiki nao. Meli itokayo Piraeus, Ugiriki, ikapita Kuşadasi, Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, imetoka katika nchi za Schengen na kuziingia tena; viza ya kuingia mara moja tu huwa imekwisha kazi pale Uturuki. Itokayo Miami kwenda Bahama na kurudi ni vivyo hivyo kwa Marekani. Viza na iwe ya kuingia mara nyingi, na kila nchi iliyo njiani iulizwe sharti lake, hata kama huna nia ya kushuka, maana kampuni humkatalia msafiri ngazini hapo hapo, na nauli aghalabu hairudi.

Usiku wa mwisho masanduku hufungwa vibandiko vya rangi na kuwekwa nje ya mlango kabla ya saa sita ya usiku, nayo huchukuliwa mpaka utakapoyaona forodhani. Hesabu ya matumizi hupatikana usiku huo huo, katika televisheni ya chumbani au katika karatasi. Isomwe wakati huo, kabla ya foleni ya asubuhi kufika mpaka kwenye lifti. Na kabla hujalisukuma sanduku nje, toa nguo za kesho, viatu, dawa na pasipoti, kwani kila safari hawakosekani wawili watatu wanaoshuka gatini wamevaa nguo za kulalia na kandambili, na maofisa wa forodha wamekwisha kuwazoea.